Chokaa Kwenye Moyo wa Bibi

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Same nikiwa na shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na hapakuwa na ofisi hata moja iliyotaka kumbukumbu zake zitunzwe na mimi. Nilikaa kwa mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Alitoka asubuhi na kurudi alasiri, na mimi nilibaki na nyumba, upepo, na vumbi lililopenya chini ya mlango hata nikiweka kitambaa. Kwa hiyo bibi alipoanza kuvimba miguu, hakuna aliyeuliza ni nani atakayemzungusha hospitalini. Mjomba alipiga simu kutoka Ndungu, kwenye mashamba yake ya mpunga.

"Si yupo huyo msomi wenu," nilimsikia akisema, maana mama huongea na simu kwa spika. "Atamsindikiza. Ana haraka gani?"

Sikuwa na haraka yoyote. Hilo ndilo lililoniuma.

Bibi ni mama yao, wa mama na wa mjomba. Anaishi Vudee, juu milimani, peke yake tangu babu afariki. Ana shamba la mahindi na maharage, migomba nyuma ya nyumba, na ng'ombe mmoja ambaye humsema vibaya kama jirani. Presha anayo miaka mingi. Kila mwezi alishuka kliniki, akachukua dawa, akapanda gari la mchana kurudi. Safari hiyo alishuka amevaa viatu vya babu, kwa sababu vyake vilikataa kuingia.

Daktari wa kliniki aliweka kifaa chake kifuani kwa bibi, akasikiliza. Mimi nina tabia ya kuhesabu. Nilihesabu hadi arobaini. Akakisogeza karibu na kwapa, akasikiliza tena, nikahesabu hadi hamsini na tano, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshamzika bibi, nimeshaandika wasifu wake wa kusoma kanisani, na nimekwama kwenye tarehe ya kuzaliwa kwa sababu hakuna anayeijua.

"Kuna sauti," daktari alisema. "Vali moja kama haifungi sawasawa. Nendeni Moshi wakampime moyo kwa mashine."

Moshi walimlaza kwa ubavu kwenye chumba chenye giza, wakampaka mafuta ya baridi, na mpimaji akaanza kuzungusha kifaa chini ya titi lake huku akimtania kuhusu Wapare na ubahili. Bibi alimjibu vizuri tu. Kisha mpimaji akaacha kutania. Akasimamisha picha, akachora mstari kutoka upande mmoja wa kitu hadi upande mwingine, akaandika namba, akafuta, akachora tena. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na nilijua wakati ule ule kwamba mtu hapimi mara mbili kitu cha kawaida.

Karatasi tuliyopewa ilisema kuna kitu cha mviringo chini ya vali ya kushoto, ukubwa wa ndimu ndogo. Kinaweza kuwa uvimbe. Kinaweza kuwa usaha. Kinaweza kuwa kitu kingine. Ilitakiwa apigwe picha ya CT na aonwe na daktari bingwa wa moyo, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Wameona kitu," nilimwambia bibi tukiwa kwenye benchi la nje.

"Kitu gani?"

"Hawajakijua bado."

"Sasa mtu anaonaje kitu asichokijua?" Akafunga khanga yake vizuri. "Twende, gari litatuacha."

Ni mimi niliyemzuia kurudi Vudee. Mpimaji alisema tu asifanye kazi nzito. Mimi nikaamua kwamba mlima wenyewe ni kazi nzito, kwamba gari linaweza kuharibika kwenye kona, kwamba ikitokea lolote huko juu tutachukua saa ngapi kushuka. Mama akakubaliana nami kwa sababu alikuwa amechoka. Basi bibi akakaa Same, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye bati lisilo na dari, mwezi wa joto, na mimi nikakaa naye. Asubuhi alitoa kigoda akakiweka mlango wa nyuma, mahali ambapo ukinyoosha shingo unaona mlima, na alikaa hapo mpaka jua lilipomfukuza. Hakulalamika. Angelalamika ningekuwa na la kumjibu.

"Kule kuna ukungu leo," alisema siku moja, bila kunigeukia. "Maharage yatashika ukungu."

"Jirani atayaangalia, bibi."

"Jirani ana macho yake na maharage yake."

Alipolala mchana nilikaa kwenye kizingiti nikihesabu pumzi zake kwa saa ya simu. Kwenye simu hiyo hiyo nilikuwa nimesoma kila kitu nilichoweza kukielewa kuhusu uvimbe wa moyo na vingi nisivyovielewa. Nilikuwa na daftari. Nilichora mstari katikati: upande mmoja dalili za uvimbe mbaya, upande mwingine dalili za bibi, na kila nilipokosa dalili kwake nilijiuliza kama sikuangalia vizuri. Siku moja nilipofika pumzi ya kumi na nane alifumbua jicho moja.

"Bado nipo," akasema, akalifumba.

Nikatoka nje nikasimama kwenye vumbi. Barabara kuu ilikuwa palepale, mabasi ya Arusha na ya Dar yakipita bila kupunguza mwendo, na nilifikiria kwamba kila mtu ndani ya yale mabasi anakwenda mahali. Sikuweza kwenda hata sokoni bila kukimbia wakati wa kurudi.

Picha ya CT ilipotoka, daktari bingwa aliniita. Alikuwa mama mwenye umri mdogo kuliko nilivyotegemea, mwenye kalamu tatu mfukoni. Bibi alikuwa chumba cha pili anatolewa damu ya kupima figo. Daktari aligeuza kompyuta yake nione, akagusa kwa kalamu umbo jeupe kama mwezi mchanga lililokumbatia sehemu ya kijivu.

"Hii siyo saratani," alisema. "Na siyo usaha."

Nikakaa. Sikukumbuka kama nilikaribishwa.

Akanieleza taratibu. Vali ile ni mlango kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto wa moyo. Mlango una fremu, wao wanaiita pete. Kwa wazee, hasa akina mama waliokaa na presha muda mrefu, pete hiyo hujijengea madini ya kalisi, chokaa kwa lugha ya kawaida. Hilo wanaliona kila wiki. Ila kwa watu wachache sana chokaa hiyo hulainika katikati: nje inabaki ganda gumu, ndani inakuwa kama dawa ya meno. Kwenye mashine ya kwanza huonekana kama uvimbe, na ndiyo maana mpimaji alishtuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameikuta mara chache tu.

"Inatolewaje?" niliuliza.

"Haitolewi. Kuna watu wamepasuliwa kwa sababu ilidhaniwa ni uvimbe, wakafunguliwa, ikakutwa ni hii. Tukishaijua tunaiacha. Tunashusha presha, tunaangalia figo, tunampima kila baada ya miezi sita. Tungefikiria kupasua kama ingeziba mlango, au kuufanya uvuje sana, au vipande vikaanza kukatika na kwenda kwenye ubongo."

Mtu mwenye akili iliyotulia angesikia "tunaiacha". Mimi nilisikia "ubongo". Nilimwomba arudie dalili na nikaziandika: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kuchanganyikana, pumzi kukatika akiwa amelala. "Ukiona mojawapo," alisema, "usisubiri kesho."

Bibi akaingia ameshika pamba kwenye mkono. Daktari akasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekijua?"

"Nimekijua. Siyo uvimbe mbaya. Ni chokaa."

"Ya kupaka nyumba?"

"Inafanana nayo. Wewe meza dawa za presha tu, usiache hata siku moja."

Huko nje foleni ilikuwa imejaa, mzee mmoja wa Kimasai alikuwa ameshaingiza kichwa mlangoni kuuliza kama ni zamu yake, na tukatoka. Ndiyo maelezo yote bibi aliyoyapata kutoka kwa mtu anayejua. Yaliyobaki aliyapata kwangu.

Jioni ile nilichemsha maji ya chai nikaona ndani ya birika. Maji ya Same ni ya chumvi. Birika la mama lina ganda jeupe ndani ambalo nimeliona tangu utotoni bila kulifikiria. Nililikwangua kwa kucha. Chokaa. Kesho yake nikaanza kumnunulia bibi maji ya chupa. Nikakumbuka kwamba maziwa yana kalisi, nikaondoa maziwa, hata mtindi, ambao ndicho kitu pekee alichokifurahia kule bondeni. Kisha nikaondoa magadi kwenye makande. Mahindi bila magadi yalichemka tangu asubuhi hadi alasiri na bado yalikuwa yakiruka mdomoni kama kokoto.

"Hiki ni chakula au ni adhabu?" bibi aliuliza.

"Ni kwa ajili ya moyo wako, bibi."

"Moyo wangu hauna meno. Mimi ninayo manne."

Jumamosi mjomba alikuja kutoka Ndungu na gunia la mchele. Alikaa kwenye kochi la mama na miguu yake mikubwa, akasema, "Haya msomi. Nieleze, mimi ni mkulima."

Nilikuwa nimejiandaa. Hilo nalikumbuka kwa aibu kuliko mengine yote: nilikuwa nimekaa siku mbili nikitafuta mfano mzuri, na nilipoupata nilijisikia kama mtu aliyepata kazi. Huko kwetu juu kila kitongoji kina ndiva, bwawa la kuchimba la jamii. Maji ya kijito hujikusanya humo, asubuhi kizibo cha chini kinafunguliwa, na maji hushuka mferejini kwa zamu, kila kaya na siku yake. Hakuna Mpare wa milimani asiyeijua ndiva. Basi nikawaambia kwamba moyo ni kama ndiva, vali ni kama kile kizibo, na kwamba kwenye ukingo karibu na kizibo cha bibi limejikusanya tope, nje gumu, ndani laini.

Mjomba aliitikia kwa kichwa taratibu. Uso wake ulifunguka, na nilifurahi kwamba ameelewa.

"Basi ni jambo rahisi," alisema. "Tope linazolewa."

"Hapana, mjomba, daktari amesema linaachwa."

"Tope linaachwaje? Tope ukiliacha mwaka huu, mwaka ujao huna maji." Akamgeukia bibi. "Mama, umesikia?"

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Kila mwaka kabla ya mvua, pembe hupigwa na watu huitwa msaragambo, kazi ya lazima ya kijiji: kutoka kila nyumba mtu mmoja na jembe au karai, wanaingia ndani ya ndiva na kuzoa tope mpaka udongo mgumu uonekane. Bibi alikwenda tangu alipoolewa. Siku hizi amesamehewa kwa umri, ila huenda tu, anakaa ukingoni anawapigia kelele wanaozembea.

"Nimesikia," alisema. "Lizolewe."

Nilijaribu kurudi nyuma. Nikasema mfano ni mfano tu. Nikasema habari za pete, za umri, za figo zake ambazo majibu yake yalionyesha zimechoka kidogo. Kila nilivyoongeza maneno ndivyo nilivyosikika kama mtu anayeficha kitu.

"Wamekwambia wanaliacha kwa sababu mimi ni mzee," bibi alisema. "Sema tu. Angekuwa mama yako wangelizoa."

"Siyo hivyo, bibi."

"Ndiyo hivyo. Ndiva ya watu wachache haiitiwi msaragambo."

Ni mimi niliyeileta ndiva ndani ya chumba kile, na sasa ilikuwa imejaa watu wanaoijua kuliko mimi. Nimekulia Same mjini. Ndiva nimeiona likizo, nikiwa juu ya njia, ikiwa imejaa maji na mbingu ndani yake. Sijawahi kuingia humo na karai.

Baada ya hapo jambo lilitoka mikononi mwangu. Mjomba alipiga simu Vudee. Jumapili ilitangazwa kanisani kwamba bibi atafanyiwa upasuaji wa moyo na aombewe. Wiki iliyofuata akina mama wa jirani waliingia shambani kwake, watu kumi na wawili, wakapalilia maharage yote kwa siku mbili ili akienda kupasuliwa asiwe na mawazo. Walimpigia simu kumwambia. Bibi alishika simu kwa mikono miwili na kusema asanteni, asanteni, Mungu awalipe, na alipoikata alinitazama kwa namna ambayo nilijua hawezi tena kurudi kule juu bila kovu kifuani. Watu wameshalima. Utawaambia nini?

Nilimwandikia mjomba ujumbe mrefu nikieleza kila kitu tangu mwanzo. Alinipigia.

"Umeandika kama katiba," alisema. "Nimefika katikati nikalala. Sikiliza, mpwa wangu. Tunarudi kwa huyo daktari Jumatano, mimi nikiwepo. Akitupa tarehe ya kupasua, sawa. Asipotupa, kuna jamaa yangu Dar, mkwewe alifunguliwa moyo na leo anaendesha lori. Mama atakwenda huko."

"Mkwewe ana umri gani?"

"Umri unaingiaje hapo?"

Siku zile hadi Jumatano nilikuwa na bibi wawili kichwani. Mmoja anakufa ghafla kwenye kigoda kwa sababu kipande cha chokaa kimekatika na mimi niliwazuia wasimpasue. Mwingine anakufa mezani Dar, mbali, chini ya taa kubwa, kwa sababu ya mfano wangu. Niliwabeba wote wawili kwenda kuchota maji na kurudi nao. Sikumwambia mama. Mama alikuwa na mitihani ya kusahihisha, na kila aliponiuliza "Vipi?" nilisema "Salama tu."

Jumatano mjomba alivaa koti. Daktari alitukumbuka. Nilianza kwa kukiri mambo ya maji, maziwa na magadi, na yeye akaweka kalamu chini.

"Chokaa hiyo haikutoka kwenye birika," alisema. "Mrudishie maziwa yake. Magadi mpunguzie, lakini ni kwa sababu ya presha."

Bibi alinigeukia polepole. Angeweza kusema mengi.

Kisha mjomba akaeleza shida yake, na akaieleza kwa ndiva, moja kwa moja kama nilivyompa, kizibo, ukingo, tope gumu na tope laini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hapasui. Alieleza kwa nini, kwa utaratibu, na mjomba akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize. Nilijua tayari anafikiria basi la Dar.

Ni bibi aliyeomba kuona. "Mmenipima mara mbili na sijaoneshwa," alisema. "Huyu mjukuu wangu ameona. Mimi ndiye mwenye moyo."

Daktari hakubisha. Alimpeleka chumba chenye giza, akamlaza, akageuza mashine upande wake, na sote tukasimama nyuma. Palikuwa na vipande viwili vya vali, vyembamba kama majani, vikifunguka na kujifunga, haraka, bila kuchoka, na pembeni yake lile donge jeupe, limekaa. Bibi alitazama muda mrefu. Nilianza kuhesabu nikajizuia.

"Hiyo ndiyo chokaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hapo ndipo damu inapita?"

"Hapo. Inapita vizuri. Inavuja kidogo sana wakati wa kufunga."

"Kila kizibo kinavuja kidogo." Akanyoosha kidole karibu na kioo. "Sasa nyinyi mkitaka kulizoa hili, mnaingiaje? Maji si yamo?"

Daktari alifikiri kidogo. "Tunausimamisha moyo. Mashine inazungusha damu badala yake, saa kadhaa, mpaka tumalize."

"Mnaukausha."

"Ndiyo. Unaweza kusema hivyo."

"Na wangu ukishakaushwa utakubali kujaa tena?"

"Bibi, kwa umri wako na figo zako, sina hakika. Ndiyo maana sitaki."

Mjomba alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilielewa kwa kuchelewa kile ambacho wao wawili walikuwa wakikijua siku zote na mimi sikukijua: ndiva haizolewi ikiwa na maji. Wanasubiri kiangazi, kijito kikiwa kimekonda, wanafungua kizibo na kuliacha bwawa likauke kwa siku kadhaa ndipo pembe inapigwa. Hakuna mtu anayeingia na karai kwenye maji yaliyojaa. Mimi niliwapa tope na sikuwapa maji.

"Haya nifute haya mafuta," bibi alisema. "Ninasikia baridi."

Kwenye korido mjomba alimsogelea. "Mama, tunaweza bado kwenda Dar kusikiliza tu."

"Nenda wewe. Una moyo na wewe."

"Kwa hiyo tukae tu, tukiangalia?"

"Mnaangalia. Kwani mlikuwa na kazi gani nyingine na mimi?"

Mjomba alicheka bila kutaka, kisha akatazama pembeni muda, akitafuta leso kwenye koti ambalo halikuwa na leso. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilisubiri wepesi ule tukiwa kwenye foleni ya dawa, nikausubiri njia nzima hadi Same, haukuja. Bibi yule wa Dar alikuwa ameondoka kichwani. Yule wa kigodani alibaki, na sasa nilijua kwamba atabaki, kwa sababu hakuna siku mtu atakuja kuniambia imekwisha. Daktari alikuwa ameandika kwenye kadi: arudi baada ya miezi sita. Baada ya hapo itaandikwa miezi sita mingine.

Bibi alirudi Vudee Ijumaa. Mimi nilikwenda naye na kipima presha kwenye begi. Tuliafikiana na mama kwamba nitakaa "mpaka hali itulie", na wote wawili tulijua kwamba hali haikuwa imevurugika.

Jirani alikuja asubuhi ya kwanza, kabla hatujamaliza chai, akapitisha macho kifuani kwa bibi kabla ya kusalimia. Alikuwa mmoja wa wale waliopalilia.

"Umerudi mapema hivyo?"

"Hawakukata," bibi alisema.

"Hawakukata? Na sisi tukalima siku mbili?"

"Mmelima, maharage yamestawi. Ulitaka waninyofoe ndiyo usikie raha?"

"Nauliza tu, mama."

"Kaa unywe chai. Kuna maziwa."

Jirani akakaa. Baadaye nilisikia kwamba wapo waliosema hospitali imemkataa, na wapo waliosema ameogopa. Bibi hakuhangaika nao. Kanisani alisimama mwenyewe wakati wa matangazo na kusema kwamba ana chokaa moyoni, inakaa pembeni, na wanaomwombea waombe ibaki hapo hapo. Akakaa.

Ninampima presha asubuhi na jioni, ingawa daktari alisema mara tatu kwa wiki zinatosha. Ninaandika kwenye daftari. Kila asubuhi namwomba anyooshe mikono yote miwili mbele na afumbe macho, kuangalia kama mmoja unashuka, na kisha atabasamu, kuangalia mdomo. Mikono ananyoosha. Kutabasamu ndiyo ugomvi.

"Nicheke nini? Umesema nini cha kuchekesha?"

"Onyesha meno tu, bibi."

"Yale manne? Umeyaona jana."

Anaonyesha. Mdomo uko sawa. Naandika: sawa. Saa moja baadaye najiuliza kama upande wa kushoto haukuchelewa kidogo.

Wiki iliyopita alichukua jembe na kuanza kushuka shambani. Nilimwambia kazi nzito hapana. Akasema kulitazama jembe likining'inia mlangoni ndiyo kazi nzito, na hakusimama. Njia ile ni ya mteremko, ina mawe, na asubuhi huwa na unyevu. Nilimwacha atangulie hatua kumi, kisha nikamfuata, simu mkononi nikiwa nimeiinua juu, nikijifanya natafuta mtandao.

"Mtandao uko huko juu unakotoka," alisema bila kugeuka.

Nikashusha simu. Yeye akaendelea kushuka na mimi nikaendelea kumfuata, nikitazama ni mguu gani anautanguliza kwenye mawe.